Pindo la Kilti ya Babu

Harufu mbili zilinipokea wiki iliyopita nilipofungua sanduku la bati: harufu ya sufu, ambayo katika unyevu wa Durban haikauki kamwe na hunukia kama kondoo aliyetoka mvuani, na harufu ya karafuu, ambazo Mama huzitia katika kila nguo anayoihifadhi, kwa sababu ndivyo mama yake alivyofanya kule Muheza na kwa sababu vile vidonge vyeupe vya dukani hajawahi kuviamini. Kwa kawaida harufu hizi hazikutani. Kondoo wenye sufu ile walilishwa katika nchi ya baridi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuikanyaga. Mimi, hata hivyo, nilikua nikidhani kwamba ndivyo sufu inavyonukia popote duniani. Na nilipokuwa mtu mzima, siku moja ugenini, niliinamia koti zito dukani na kulinusa, nikaona limepungukiwa kitu.

Ndani ya sanduku mlikuwa na kilti ya Babu, ile sketi ya mikunjo wanayovaa wanaume wa Uskoti. Tulikuwa tumemzika siku kumi na mbili kabla.

Babu ninayemzungumzia ni baba mzazi wa baba yangu. Alizaliwa Bluff, kando ya bandari ya Durban, akatengeneza mitambo ya meli bandarini hadi alipostaafu, kisha akahamia Glenwood, katika nyumba ya paa la bati jekundu na baraza pana ambapo tumbili walikuja asubuhi kuiba mkate. Baba yangu, mwanawe wa kiume wa pekee, alikuwa mhandisi wa meli. Katika mojawapo ya safari zake alimkuta Mama pale Tanga, akamwoa, akamleta. Nilikuwa na miaka minane moyo wa Baba uliposimama akiwa kazini, na miaka tisa wakati wa mambo ninayoyasimulia. Mezani tulibaki watatu: Babu kwenye kichwa cha meza, Mama upande wa dirisha, mimi katikati, na kiti cha nne, ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia wala kukiondoa.

Babu hakujua Kiswahili. Alizungumza Kiingereza cha bandarini, kilichotiwa Kizulu na Kiafrikana kidogo. Hapa ninamwandika kwa Kiswahili, jambo ambalo asingelipenda, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutaka kila kitu kinukuliwe kama kilivyo.

Kila Jumapili baada ya ibada, mjomba wangu alipiga simu kutoka Muheza. Mama aliipokea chumbani, mlango ukiwa nusu wazi, na sauti ya mjomba, iliyozoea kuita watu shambani, ilinifikia ukumbini bila shida.

"Dada, huko unamngoja nani? Mzee yule si baba yako. Aliyekuunganisha naye ndiye huyo mliyemzika."

"Kaka, nakusikia."

"Kunisikia si kunijibu."

"Acha kwanza tumalize la jiwe. Nitakujibu."

La jiwe lilikuwa hili. Kwa desturi ya watu wa hapa, kaburi hukaa mwaka mmoja au zaidi likiwa udongo mtupu. Kisha jiwe huwekwa, hufunikwa kwa kitambaa, na jamaa wote hukutana siku ya kulifunua. Mama aliuahirisha uamuzi wake hadi siku hiyo. Lakini chini ya kitanda chake palikuwa na sanduku hili hili la bati, kifuniko kikiwa wazi, na kila nilipotoka shule nililichungulia kuona kama nguo zimeongezeka. Ziliongezeka. Sikumwuliza mtu. Niliamini kwamba jambo lisilotamkwa bado halijaamuliwa.

Ni katika miezi hiyo ndipo Babu alipoanza kuitafuta asili yake. Jina letu la ukoo ni la Kiskoti. Lililetwa Bluff na fundi wa matangi ya mvuke aliyekuja kufanya kazi kwenye kituo cha wavua nyangumi, na Babu, ambaye kwa miaka sabini hakuwa amemfikiria sana mtu huyo, sasa alikesha naye mawazoni. Leo ninaelewa. Aliyekuwa arithi jina hilo alikuwa ametangulia, na Babu alitaka kujua ni kamba ya urefu gani iliyokatika mkononi mwake. Wakati ule alituambia tu, akiwa ameweka kisu na uma sambamba juu ya sahani, kwamba siku ya jiwe familia nzima itavaa tartani ya ukoo: yeye kilti, na sisi wengine mtandio begani.

"Tartani ni nini, Babu?"

"Kitambaa cha sufu, girlie. Chenye miraba. Kila ukoo wa Uskoti una miraba yake. Ukiiona miraba, unajua yule mtu ni wa nani."

Nililipokea neno hilo kama lilivyo. Mtu ni wa nani, kitambaa ndicho kinachojua.

Jumamosi tulikwenda mjini kwa Papa Dido, Mkongo wa Bukavu aliyekuwa na duka la simu lenye kompyuta tatu, na ambaye Mama alimwamini kuliko benki. Babu alikaa kwenye kiti cha plastiki, kofia magotini, kama mtu anayesubiri daktari. Papa Dido alitafuta kwa muda mrefu, akajikuna kidevu, kisha akamgeukia Mama.

"Mama, umwambie mzee pole-pole. Nimetafuta mpaka macho inauma. Majina iko mingi, vraiment, lakini ya kwake haiko mu liste."

"Tafuta tena, Papa Dido. Pengine wameliandika vibaya."

"Nimebadilisha herufi yote. Nimeanza na ile, nimemaliza na ile. Haiko. Eish, tutafanya nini?" Akageuza kioo cha kompyuta ili tuone. "Basi muangalie hata vitambaa. Njo hizi," akasema, akimaanisha ndizo hizi.

Mama akainama kutazama. Mabega yake yakaanza kutikisika, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikamsikia akicheka.

"Jamani! Si shuka ya Kimasai hii? Papa Dido, tutasimama makaburini kama Wamasai wa Tanga wanaouza dawa ya mgongo!"

"Mama, mzee anatuangalia," nikamnong'oneza.

"Mnacheka nini?" Babu akauliza.

"Papa Dido anasema vitambaa ni vizuri sana, Baba," Mama akajibu kwa Kiingereza, bila kupepesa jicho.

Jina halikuwamo, lakini Babu hakuwa mtu wa kushindwa na orodha. Alimwandikia barua mfumaji mmoja wa Uskoti, barua ya kurasa nne yenye vichwa vidogo vilivyopigiwa mstari, naye mfumaji akajibu kwa adabu, akatia ndani ya bahasha vipande sita vya sampuli. Alieleza kwamba mtu ambaye jina lake halimo ana njia mbili: achukue tartani ya wilaya alikotoka mzee wake, ambayo haina ukoo maalumu, au atazame upande wa mama.

Babu aliyasoma maneno hayo ya mwisho kwa sauti, mara mbili, kisha akaiweka barua mezani. Yule fundi wa matangi alikuwa ameoa mwanamke wa Bluff, wa wale walioitwa Wazanzibari, watu waliokombolewa utumwani na kuwekwa pale zamani. Huyo ndiye bibi aliyemlea Babu. Katika karatasi zote alizokusanya, fundi alitajwa mara kumi na moja, na bibi hakutajwa hata mara moja. Babu alibaki naye kwa mambo mawili tu. La kwanza ni neno moja, "njoo," ambalo bibi alimwitia chakula. Na alipomsikia Mama akiniita kwa neno hilo, siku za mwanzo kabisa nilipoanza kutambaa katika nyumba hii, aliangusha kikombe. La pili ni kitambaa ambacho bibi alikifunga chini ya kwapa, chenye herufi kubwa ukingoni, ambazo mtoto aliyebebwa aliweza kuzifuata kwa kidole.

Mimi nilijua kitambaa hicho ni nini. Mama alikuwa na kanga za kila hali, na kabla sijaanza shule alikuwa amenifundisha kusoma kwazo: huu ni mji, hili ni pindo, hili ni jina. Kanga isiyo na jina, aliniambia, ni shuka la kufunikia unga. Jirani mmoja alipotusema kwa sababu ya moshi wa samaki, Mama alimwanikia kambani kanga yenye jina kali, ikakaa siku tatu ikimtazama; kwamba jirani hakujua hata neno moja la Kiswahili hakukumpunguzia Mama kuridhika kwake.

Kwa hiyo nilizichukua sampuli sita za mfumaji nikazigeuza moja moja, mbele na nyuma, nikitafuta jina.

"Babu, hizi zimeandikwa wapi?"

"Haziandikwi. Rangi ndizo zinazosema."

"Zinasema nini?"

"Zinasema sisi ni nani."

"Na Mama ni nani?"

Babu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaichunguza kwenye mwanga wa dirisha. "Hilo," akasema hatimaye, "ni la mama yako kulisema."

Jioni ile aliziweka mezani sampuli mbili alizozichuja kutoka katika zile sita, akazisukuma upande wa dirisha. "Wewe unajua vitambaa," akamwambia Mama. "Chagua."

"Hapana, Baba. Chagua mwenyewe. Mimi si wa ukoo."

Alilisema kwa upole, kama mke wa mtoto anavyosema mbele ya baba wa mumewe, macho yakiwa mezani. Leo nikilichambua neno lile nakuta ndani yake adabu tupu. Siku ile nilikuta hukumu. Mama alikuwa ameulizwa, na mwenyewe amejitoa.

Babu akachagua tartani ya wilaya, ya pwani ile ambako fundi alipandia meli: kijani kizito, bluu ya maji ya kina, na uzi mmoja mwembamba wa manjano uliopita kama mtu anayekatiza uwanja peke yake. Kisha, kabla ya kuagiza, akatupima. Aliazima utepe wa kupimia wa Mama, aliyekuwa mshonaji, akawapima shangazi zangu wawili waliokuja kutoka Wentworth, kutoka begani hadi nyongani, akanipima mimi, akaninyanyulia mikono nimpime yeye kiunoni, akanisahihisha nilipousoma utepe kinyume. Muda wote huo Mama alikuwa ameketi kwenye cherehani, mgongo wima. Babu alipomaliza aliuviringisha utepe vizuri, akauweka kwenye ukingo wa meza ya cherehani, mbali na mkono wa Mama, kisha akarudi nyuma hatua moja. Utepe ulikuwa umetuzunguka sote isipokuwa Mama.

Kitambaa kilifika baada ya miezi mitano, katika bunda zito lililotuchukua mimi na Babu kulibeba kutoka langoni. Mama ndiye angekikata na kukishona. Alikitandaza juu ya meza ya chakula, akapitisha kiganja juu yake kutoka ncha hadi ncha, akasema "Mzigo kweli huu," kisha akajifunga kanga, akachukua mkoba.

"Nakwenda kwa Papa Dido kumpigia mjomba wako. Leo namjibu. Usikiguse kitambaa."

Nilibaki na kitambaa. Babu alikuwa uani, akipogoa. Ni haki niseme kwamba sikukurupuka. Nilifikiri kwa utaratibu kama ninavyojaribu kufikiri sasa, na kosa langu halikuwa katika hesabu bali katika vianzio. Kitambaa ndicho kinachojua mtu ni wa nani. Mama hakupimwa, kwa hiyo kitambaa hakimjui. Asiyejulikana na kitambaa hufunga sanduku. Lakini mfumaji mwenyewe ameandika kwamba jina lisipokuwamo, utazame upande wa mama; na upande wa mama, kitambaa huandikwa. Kwenye droo ya jikoni kulikuwa na kalamu ya wino usiofutika, ambayo Mama aliandikia majina kwenye sare zangu kwa amri ya shule. Nililivuta pindo, nikatafuta katikati yake, mahali pa jina, nikaandika kwa herufi kubwa, kama kanga zinavyoandikwa: NA MAMA YUMO.

Sufu hainywi wino kama pamba. Herufi zilitanuka, na miguu ya M ya kwanza ikaota vidole. Nilikuwa ningali nimeishika kalamu Babu alipoingia na mkasi wake wa miti.

Hakupiga kelele. Alinitaja kwa jina langu kamili, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akaweka mkasi chini, akainamia meza.

"Umeandika nini?"

Nilifungua mdomo, kikatoka kilio. Babu aliuliza tena, polepole, na bado alikuwa akiuliza Mama alipoingia na mfuko wa mkate. Mama alinitazama, akaitazama kalamu, akalisoma pindo. Alisimama akilisoma kwa muda mrefu kuliko maneno matatu yanavyohitaji.

"Nitautoa, Baba," akasema. "Wino una dawa yake."

"Sikuuliza unatokaje. Nimeuliza yanasema nini."

"Yanasema..." Akauweka mkate mezani. "Yanasema kwamba na mimi nimo."

"Umo wapi?"

"Humo. Kwenye kitambaa."

Babu akanigeukia. "Nani amesema hayumo?"

"Hukumpima!" nikapiga kelele. "Umempima kila mtu, hata shangazi wanaokuja Krismasi tu, Mama hukumpima! Na sanduku liko chini ya kitanda linajaa!"

Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukibadilika rangi kwa namna ile. Wekundu ulipanda kutoka kwenye kola hadi masikioni.

"Girlie," akasema, "mimi nimekulia hapa. Mke wa mwanao humgusi. Wazulu wa jirani zetu walijua hivyo, bibi yangu wa Bluff alijua hivyo. Ningemzungushiaje utepe?" Akatoa mfukoni kasha la miwani, na ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa nakala ya orodha ya vipimo aliyomtumia mfumaji, kwa mwandiko wake wa penseli. Mstari wa kwanza, juu ya shangazi, juu yake mwenyewe, lilikuwapo jina la Mama, na mbele ya jina: *atajipima mwenyewe, ongeza kitambaa cha kutosha.*

Mama aliisoma, akafunika mdomo kwa kanga. "Baba, mimi nilijua. Ulipouweka utepe mbali, nilisema moyoni, huyu mzee amelelewa. Asiyejua ni huyu hapa."

"Na sanduku?" Babu akauliza, bila kumtazama.

"Uliliona?"

"Mlango huwa wazi."

"Hukuuliza."

"Sikuwa na haki ya kuuliza. Aliyekuwa na haki hiyo hayupo."

"Nami nilingoja uulize," akasema Mama. "Mwaka mzima. Leo nimechoka kungoja, nimemwambia kaka nitakuja baada ya jiwe."

Nje tumbili mmoja alitembea juu ya bati, na sote watatu tukamsikiliza hadi alipofika mwisho wa paa. Babu akakivuta kile kiti cha nne. Aliushika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, na miguu ya kiti, iliyokuwa haijasogezwa tangu msiba, ikakwaruza sakafu. Akakigonga kwa kiganja mahali pa kukalia. Alitafuta neno, nikamwona akilitafuta mbali sana, na lilipotoka lilikuwa la Kiswahili, kwa lafudhi ya mtoto wa miaka mitatu.

"Njoo," akasema.

Mama akaketi. Baada ya muda akanyoosha mkono akachukua utepe, akasimama, akajizungushia mwenyewe, akausoma kwa sauti. Na Babu, mgongo ukiwa umemgeukia kwa heshima, akaiandika kila namba kwenye ile karatasi, akimwomba arudie palipokuwa na shaka.

Wino haukutoka, licha ya dawa zote. Mama akaufuata kwa sindano, herufi kwa herufi, kwa uzi wa manjano uleule wa mstari mwembamba, hata vidole vya ile M akavishona, kwa kuwa Babu alikataa visahihishwe. Alipoikata kilti alilipanga pindo hilo liangukie ndani ya mkunjo wa mbele, upande wa paja, ambapo Babu akiketi mkono wake ungelifikia. Siku ya jiwe tulisimama sote katika kijani na bluu, Mama akiwa na mtandio begani na kanga kiunoni, na Papa Dido, aliyekuja na suti, akaninong'oneza, "Wamasai wamefika." Mjomba aliambiwa kwa simu kwamba Mama anabaki. Alinuna hadi Krismasi.

Babu hakujifunza Kiswahili zaidi ya hapo. Lakini yale maneno matatu alijua kuyasoma, na nilimwona mara nyingi, kanisani wakati mahubiri yanaporefuka, akiyapitia kwa kidole kutoka kushoto kwenda kulia.

Siku tuliyomzika, kilti ilitandazwa juu ya jeneza hadi wakati wa kushusha. Mama, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, alisema ni kazi yake, akaitandaza mwenyewe, akalitafuta pindo na kuligeuza liguse mbao. Shangazi mkubwa akamgusa kiwiko.

"Geuza, dada. Watu wayaone maandishi."

"Watu wameshayaona," akasema Mama, akilinyoosha kitambaa kwa kiganja. "Asome yeye."